Uzamili wa uchapishaji ukiwa Lamu: usome wapi, usome nini, na kazi iko wapi?

Binti_Langoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Nataka kusoma uzamili wa uchapishaji wa vitabu. Shahada ya kwanza ninayo, Kiswahili na fasihi, na nia ni kuingia kwenye kampuni ya vitabu, siyo darasani. Nikitafuta habari napata matangazo ya vyuo tu, kila kimoja kinajisifu. Nauliza wanaoijua kazi yenyewe: hufundishwa nini hasa? Kusoma hapa Kenya na kusoma Uingereza kuna tofauti gani mtu akija kutafuta kazi? Na aliyeko Lamu ana la kufanya kabla hajaenda kokote? Msinionee haya, semeni tu.

MswadaMchafu

Waleikum salaam dada. Anza na soko, chuo baadaye.

Uchapishaji wa Kenya unaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya, diwani na hadithi za watoto zipo, lakini mishahara hulipwa na vitabu vya kiada. Na kitabu cha kiada hakiingii shule ya serikali bila kupita KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya: wito hutolewa, wachapishaji huandaa miswada kwa kufuata muundo wa mtaala wa somo na gredi husika, watathmini huipitia, na vilivyofaulu huingia kwenye orodha tunayoiita Orange Book. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua kwa wingi na kumtaka mchapishaji afikishe vitabu hadi shuleni, badala ya shule kupewa pesa ikachague dukani. Aliyeshinda somo ana oda kubwa. Aliyekosa amebaki na mswada uliokwisha kula pesa za uhariri na michoro.

Kwa hiyo mwajiri wa Nairobi hatakuuliza unapenda vitabu kiasi gani. Atataka kujua kama unaweza kusoma muundo wa mtaala ukaona matokeo gani ya ujifunzaji hayajaguswa kwenye mswada, na kama unaweza kupanga ratiba kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuwasilisha.

Vyuo sasa. Kenya, tazama Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambako uchapishaji umekuwa ukifundishwa kwenye skuli ya sayansi ya habari. Afrika kwingine kuna Pretoria, na KNUST kule Kumasi, Ghana. Uingereza wana Oxford Brookes, UCL, Stirling na Edinburgh Napier. Canada kuna Simon Fraser, Vancouver. Usiangalie jina la chuo tu, fungua orodha ya masomo. Kama hakuna somo la bajeti na uzalishaji, hakuna la haki na mikataba, na hakuna nafasi ya kwenda kufanya kazi kwenye kampuni, hiyo ni shahada ya fasihi iliyovaa koti la uchapishaji.

Kalamu_Malindi

Naongezea upande wa Uingereza, maana watu wa pwani huangukia kwenye tarehe na makaratasi kuliko kwenye akili.

Uzamili wa kule ni mwaka mmoja, kwa kawaida Septemba hadi Septemba, vipimo (credits) 180. Sehemu kubwa ni masomo ya darasani: uhariri, uzalishaji, masoko, uchapishaji wa kidijitali, haki. Mwishoni unaandika tasnifu, au vyuo vingine hukuruhusu ufanye mradi: mpango kamili wa kitabu au wa kampuni ndogo. Wa hapa kwetu huchukua kama miaka miwili, na tasnifu ina uzito zaidi. Ukifika hatua ya kukusanya data unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Omba mapema, kwa sababu taasisi nyingi hazitakufungulia mlango bila hiyo.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, unadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada, kama miaka miwili ya kazi ya kudumu. Kazi za muda, za kujitolea na za mafunzo zinaweza kuhesabiwa, mradi uwe na ushahidi. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili isiyopungua. Dirisha hufunguliwa Agosti kwa kawaida, na huwa halikai wazi muda mrefu.

Ukijilipia, viza ina mtego wake. Pesa za karo na za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Harambee ya ukoo iliyoingia wiki moja kabla ya kuomba haikusaidii kitu. Na Mkenya anayeenda zaidi ya miezi 6 anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki inayotambuliwa, na hicho cheti kinadumu miezi 6. Ukipima mapema mno kinaisha kabla hujaomba. Weka kwenye bajeti safari ya Nairobi pamoja na malazi, maana kutoka Mokowe, gati letu la upande wa bara, huendi ukarudi siku moja.

MtuWaKazi

Samahani, mimi naona mnamwingiza dada wa watu kwenye gharama. Kampuni nyingi za vitabu hapa Kenya zimeajiri walimu wa zamani na watu wa BA tu. Kuhariri hufundishwa mezani. Nenda ukaombe nafasi ya kusoma prufu (kurasa za majaribio zinazokaguliwa kabla ya chapa), miaka miwili utajua kuliko mwenye uzamili.

MswadaMchafu

Nusu nakubali. Kwa mhariri wa somo, digrii ya somo lenyewe ina nguvu kuliko ya uchapishaji. Lakini mhariri anayefundishwa mezani hufundishwa meza moja. Anaweza kukaa miaka hajawahi kuona karatasi ya gharama ya kitabu anachokihariri, wala mkataba wa mwandishi wake. Siku nafasi ya meneja wa uchapishaji inatangazwa, hiyo ndiyo inayoulizwa. Halafu angalia saa 2,800 za Kalamu hapo juu: kuanza kazi kwanza na kusoma baadaye haviumizani. Mimi ningemwambia afanye vyote, kwa mpangilio huo.

Binti_Langoni

Ahsanteni sana. MswadaMchafu, umetaja karatasi ya gharama. Kwani mhariri naye anapiga hesabu? Nilidhani hiyo ni ya wahasibu.

Bw_Hesabu

Hapo ndipo pa kuanzia, dada, na ndipo wanafunzi wengi waliotoka fasihi huanguka. Nakupa tarakimu za mfano, si bei ya leo ya kiwanda chochote.

Riwaya ya maneno 60,000, ukubwa wa A5, maneno 300 kwa ukurasa: kurasa 200. Ongeza 8 za mbele (jina, ukurasa wa haki, tabaruku, yaliyomo): 208. Kiwanda cha chapa hukunja karatasi kubwa kwa mikunjo, tuseme ya kurasa 16. 208 ni mikunjo 13 kamili, hakuna kinachopotea. Sasa mwandishi anarudisha prufu akiwa ameongeza kurasa tatu. 211 haigawanyiki kwa 16, inabidi kwenda mkunjo wa 14, yaani kurasa 224, na 13 kati ya hizo ni tupu, unazilipia kwenye kila nakala. Mhariri anayejua hesabu hii humwambia mwandishi mapema: ongeza sentensi, lakini utoe nyingine.

Inaathiri hata jalada. Kurasa 208 ni karatasi 104. Kwa karatasi yenye unene wa milimita 0.1, mgongo wa kitabu ni kama milimita 10.4. Zikiwa 224, ni 11.2. Msanifu akifunga jalada kabla ya idadi ya kurasa kutulia, jina la mgongoni litahamia upande. Kosa hili utaliona madukani ukiangalia vizuri.

Haya, pesa. Gharama zisizobadilika (uhariri, usanifu wa kurasa, jalada, prufu): shilingi 180,000. Chapa na jalidi: 150 kwa nakala. Ukipiga nakala 1,000 jumla ni 330,000, kila nakala 330. Ukipiga 3,000 jumla ni 630,000, kila nakala 210. Bei ya dukani tuseme 600. Muuza vitabu anataka punguzo la asilimia 35, kwako inafika 390.

Mrabaha wa mwandishi ni asilimia 10. Ya nini? Ikiwa ni ya pesa iliyopokelewa, ni 39, na kwa chapa ya nakala 1,000 unabaki na 390 toa 39 toa 330, yaani shilingi 21 kwa nakala. Ikiwa ni ya bei ya dukani, ni 60. Unabaki na sufuri. Maneno mawili matatu kwenye mkataba yamekula faida yote, na hiyo ni kama nakala zote zimeuzika. Zikiuzika 700 tu, hata kwa mrabaha ule wa chini, umepata 273,000, umelipa mrabaha 27,300 na gharama 330,000: hasara ya 84,300.

Kuna kishawishi cha kusema tupige 3,000 kwa sababu bei inashuka. Inashuka kwa nakala, ila pesa ya kutangulia imekuwa 630,000. Kwa mapato ya 351 baada ya mrabaha, chapa ya 1,000 inarudisha pesa yake ukiuza 941. Chapa ya 3,000 inarudisha ukiuza 1,795. Jiulize kwanza kama wasomaji 1,795 wa riwaya hiyo unawajua wako wapi.

Chuo kizuri kitakufanyisha jedwali hili kwa kitabu chako mwenyewe na kukuuliza kila tarakimu umeitoa wapi. Hapo bado hatujaweka ghala, usafiri na nakala za bure za waandishi wa magazeti.

MtuWaKazi

Hii ya kurasa 16 sikuwahi kuambiwa. Endelea maalim.

Mzee_wa_Prufu

Mwanangu Binti, hesabu ni yake Bwana Hesabu. Mimi nakupa ya matini, maana ukiwa mtu wa Kiswahili watakupa kila kitu cha Kiswahili kinachopita ofisini, na programu nyingi zimetengenezwa kwa lugha za wengine.

Kwanza, kukata neno mwishoni mwa mstari. Ukiiacha programu kwenye kanuni za Kiingereza itakupa nyum-ba na tan-go. Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo ni nyu-mba, ta-ngo. Maneno ya mkopo kama labda na maktaba yana silabi funge, yaachie lab-da, mak-taba. Usiache m ya mtoto au mkate ikining'inia peke yake mwisho wa mstari. Kwenye vitabu vya watoto wa gredi za chini zima ukataji wote na upange maandishi kushoto tu. Ukilazimisha mistari ilingane pande zote mbili bila kukata, maneno yetu marefu, yale ya hawakutuambia, yataacha mapengo meupe yanayoteremka ukurasa mzima.

Pili, ng'. Waandishi huchapa alama yoyote inayokaribia: ya kufungua nukuu, ya kufunga, iliyonyooka, hata alama ya mkazo. Kwa jicho zinafanana, kwa mashine ni herufi tofauti. Kwenye kitabu cha kielektroniki msomaji akitafuta ng'ombe kwa simu hatampata. Badilisha zote ziwe aina moja kabla matini haijaingia kwenye usanifu. Ukingoja baadaye utakuwa unazisaka ukurasa kwa ukurasa.

Tatu, la huku kwetu. Ukipewa utenzi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, mato (macho), ndia (njia) na ndoo (njoo) si makosa ya chapa. Andika karatasi ya mtindo kabla ya kuanza: maumbo yapi ya lahaja yanabaki, tahajia ipi inafuatwa, wapi utaweka tanbihi, na mpe msanifu na msoma prufu nakala. Pasipo karatasi hiyo, msoma prufu mwenye bidii wa bara atasanifisha beti zote, na mizani itavunjika.

Na mtihani wa kuajiriwa: watakupa kurasa chache zenye makosa ya kupandwa. Watu hukamata tahajia na kuacha mengine. Linganisha namba za kurasa kwenye yaliyomo na kurasa zenyewe. Tazama kama mchoro 3 unaotajwa ni mchoro 3 uliopo. Angalia kama Fatuma wa sura ya kwanza hakugeuka Fatma. Kasi nayo inatazamwa. Uhariri wa lugha, maneno 1,000 hadi 2,000 kwa saa ni mwendo wa kawaida kwa matini safi. Anayedai 5,000 anasoma, hahariri.

Binti_Langoni

Mzee, shikamoo, na ahsante. Hilo la lahaja limenigusa kwa sababu tasnifu niliyoifikiria ni ya tungo za zamani za Lamu: kuzitoa upya kama toleo la wasomaji wa leo. Kuna shida ya hakimiliki hapo?

HakiZote

Swali zuri. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya fasihi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki kwisha. Utungo wa karne ya 19 umeshatoka kwenye ulinzi huo. Lakini kuna matabaka matatu, na wanafunzi huyachanganya.

Utungo wenyewe: uko huru. Toleo la mhariri wa karne ya 20, yaani unukuzi wake kutoka hati ya Kiarabu, maelezo yake, tafsiri yake: hilo linaweza kuwa na hakimiliki yake mpya iliyo hai bado. Huwezi kunakili unukuzi wa mtu ukasema shairi ni la zamani. Rudi kwenye hati. Halafu picha ya hati: taasisi inayoihifadhi ina masharti yake ya matumizi. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, na kuzitazama mtandaoni hakumaanishi umepewa ruhusa ya kuziweka kwenye jalada. Omba kwa maandishi, kwa taasisi na kwa wenye hati wenyewe. Familia nyingi zina miswada kabatini, na hata pale ambapo sheria haikulazimishi, ukichapisha bila kubisha hodi umejifungia milango yote ya mji.

Kuhusu mikataba ya leo, jifunze kuisoma kwa mambo manne: lugha, eneo, umbo na muda. Mwandishi anayetoa "haki zote, duniani kote, milele" ametoa pia tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu, na mara nyingi mchapishaji hana mpango wala mtu wa kuziuza. Ukiwa upande wa mchapishaji, kuchukua usichoweza kukitumia ni kutafuta ugomvi wa bure. Na mwambie mwandishi kwamba kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi mzuri, lakini hakimiliki yake ilianza siku alipoandika.

Kalamu_Malindi

Tasnifu ya hati ina kazi moja ya kiufundi ambayo ingekutofautisha na waombaji wengine: kupanga kurasa zenye herufi za Kiarabu na za Kirumi uso kwa uso. Kiswahili cha hati ya Kiarabu kinahitaji herufi za ziada za p, ch, v na g, na si kila fonti inazo. InDesign, programu ya kupanga kurasa, ikiwa kwenye mpangilio wa kawaida hutenganisha herufi na kuzigeuza mkondo. Inabidi uwashe kipangaji cha lugha za dunia (World-Ready Composer) na uweke mwelekeo wa kulia kwenda kushoto kwenye aya yenyewe. Jaribu ukurasa mmoja, utoe PDF, uufungue kwenye kompyuta nyingine kabla hujaahidi kitu kwenye maombi yako.

Binti_Langoni

Basi nifanye nini miezi hii kabla ya Agosti, nikiwa hapa hapa?

MswadaMchafu

Toa kijitabu cha kurasa 16, mkunjo mmoja. Chagua kitu ambacho haki zake zimenyooka: vitendawili vilivyokusanywa kwa ridhaa, au mwongozo wa watoto kuhusu majahazi. Andika karatasi ya mtindo ya Mzee, jedwali la Bw_Hesabu, barua za ruhusa. Jalada liwe na ziada ya milimita 3 kila upande ya kukatwa, picha ziwe dpi 300 (nukta kwa inchi) kwa ukubwa zitakaochapwa, rangi ziwe nne za kiwandani (CMYK), si za kioo cha simu. Picha za WhatsApp usiziguse, zimebanwa. Omba bei kwa wapiga chapa watatu, Malindi, Mombasa na Nairobi, kwa nakala 100 na 500, na uulize wazi kama bei ina usafiri. Kwa Lamu, mzigo unashuka Mokowe na kupanda chombo, na katoni ikilowa hakuna wa kukulipa kama hukuandikiana.

Hizo karatasi zote ndizo utakazoambatisha kwenye maombi ya chuo au ya kazi. Maelezo binafsi yanayoanza na "tangu utotoni napenda vitabu" wasomaji wa maombi wanayaona kila siku. Wewe anza na swali: kitabu cha Kiswahili kinamfikiaje msomaji wa kisiwani, na kwa gharama ya nani.

Binti_Langoni

Na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, nitaipata wapi kwa kijitabu hicho? Nikitoa na cha simu, inatumika hiyo hiyo?

Bw_Hesabu

Hapa Kenya hutolewa na maktaba ya taifa, KNLS. Haitumiki hiyo hiyo. Cha karatasi kina namba yake, EPUB, yaani cha kielektroniki, ina yake, na ukija kutoa chenye jalada gumu nacho kitataka yake. Kurudia kupiga chapa bila mabadiliko hakuhitaji namba mpya, toleo lililorekebishwa linahitaji. Omba zote kwa mara moja, uziweke kwenye ukurasa wa haki kabla ya prufu ya mwisho. Wengi hukumbuka kitabu kikiwa tayari kiwandani, wakaishia kubandika karatasi ya stika nyuma.

MtuWaKazi

Dada, ukipata zile bei tatu za chapa ziweke hapa hapa kwenye uzi. Na mimi nataka kuziona.